Mrejesho: sauti iliyokuwa inapasuka na kutoa mwangwi chumbani

Wakuu, nililalamika kuwa nikirekodi nyimbo chumbani kwangu Uyole, Mbeya, sauti inapasuka na inatoa mwangwi kama niko kisimani. Geini, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki, nimeishusha hadi nikipaza sana inagota desibeli -10, chini ya kikomo cha 0 ambapo sauti hupasuka, na narekodi kwa biti 24 ili sauti ndogo nazo zitoke safi. Kupasuka kumekwisha.

Mwangwi ndio ulinihangaisha. Nimetundika mablanketi mazito, yale ya baridi yetu ya Juni, nyuma ya mgongo wangu, maana maiki inatazama huko. Maiki iko shubiri moja toka mdomoni, na katikati nimeweka stokingi niliyoivuta kwenye duara la waya. Herufi "p" hazipigi tena maiki kwa upepo! Mama aliposikia akauliza nani anaimba.

Imebaki mvua juu ya bati. Hiyo naikwepa tu, narekodi alfajiri. Asanteni sana, ndugu zangu.