Mrejesho: picha za Coco Beach, Sanamu ya Askari na samaki wa Feri

Wakuu, niliomba mbinu za kupiga mandhari, majengo na vitu vya karibu kwa lenzi ya zumu ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera. Asanteni, mmenisaidia mno.

Coco Beach, Dar es Salaam, inatazama mashariki, hivyo niliwahi kabla jua halijachomoza. Tripodi, ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi, ili vya karibu na vya mbali vyote vitoke vikali). Miamba ya mbele na upeo wa bahari vyote vimetoka vikali.

Sanamu ya Askari, pale barabara ya Samora: aliyesema nirudi nyuma badala ya kuelekeza kamera juu, ubarikiwe. Nilivuta zumu hadi 55 na maghorofa ya nyuma yakasimama wima. Nendeni Jumapili asubuhi, magari ni machache.

Ila picha za karibu ndizo zilizonikosha. Pale Feri, soko la samaki, muuzaji mmoja aliniruhusu nipige picha samaki wake aina ya changu, chini ya turubai. Flashi inang'aa vibaya kwenye magamba mabichi, kwa hiyo niliizima, nikaweka karatasi nyeupe upande wenye kivuli. Ukisogea karibu hivyo, hata kwa f/8 eneo linalotoka kali ni jembamba sana; nililenga jicho. Magamba yanayolizunguka unayahesabu moja moja!

Mwenye uzoefu wa filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao) baharini, naomba maelekezo.