Msaada: nataka kuanza moshoni grafiki (maandishi na michoro inayotembea kwenye video), nipo Kigoma, laptopu ramu 8

mtoto_wa_ujiji:
Wakuu mwakeye. Mi nashuti harusi, sendoff na vipaimara hapa Kigoma mjini mwaka wa tatu sasa, kukata na kuunga video najua, rangi nabahatisha. Shida inakuja mteja akitaka majina ya maharusi yatokee kwa mbwembwe, hapo huwa nachukua templeti (intro iliyotengenezwa tayari) nabadilisha majina tu, na juzi bi harusi kaniambia kabisa ile intro aliiona kwenye harusi ya shemeji yake Kasulu 😭 aibu nikaimeza. Nataka nijue kutengeneza mwenyewe. Nimejaribu kusogeza maandishi kutoka kushoto kwenda kulia, yanasogea kweli ila utadhani yanavutwa na kamba. Halafu kuna mtu nilimshuti kwenye kitambaa cha kijani nimuweke mbele ya ziwa, kingo zote zina kijani kijani kama kapakwa mlenda. Laptopu i5, ramu 8, kadi ya grafiki hamna. Nianzie wapi? Msiniambie nihamie Dar.

Dagaa_Kavu:
Hapo kwenye kamba ndo pa kuanzia, softiwea baadaye. Nenda Kibirizi ukae uangalie boti. Boti haichomoki ufukweni na spidi yake yote, inaanza taratibu, inachanganya, ikikaribia kufika inapunguza. Maandishi yako yanaanza na spidi na yanaishia na spidi ileile, kwa sababu kati ya kifremu cha kwanza na cha pili kompyuta imegawa umbali sawasawa kwa kila picha (kifremu ndo ile alama unayoweka kuiambia sekunde hii kitu kiwe hapa). Kwenye After Effects (softiwea ya moshoni) vichague vyote bonyeza F9, kisha fungua grafu uvute mkunjo kwa mkono wako, usiishie F9 maana kila mtu anaishia hapo na inaonekana. Halafu hesabu picha. Mradi wa picha 25 kwa sekunde, jina kuingia kwa picha 12 ni kama nusu sekunde, jaribu na 8, jaribu na 20 uone linavyobadilika tabia. Wiki nzima dundisha mpira mmoja tu wa duara. Mi nilidharau hilo zoezi nikapoteza mwaka mzima kwenye vimulimuli na plagini.

fundi_renda:
Dagaa kasema kweli ila After Effects unalipia kila mwezi na kwa ramu 8 utaisoma namba. Blender ni bure, kuidaunilodi haifiki giga moja, na ina kompozita (sehemu ya kupanga picha juu ya picha) humohumo ndani. DaVinci Resolve ya bure, softiwea ya kuhariri video, nayo ina Fusion (sehemu yake ya moshoni na kompoziti) tangu 2018, ndo natumia mimi, lakini wenyewe wanapendekeza ramu 32 ukiingia Fusion kwa hiyo wewe fanya kipande kifupi kifupi, 1080 inatosha, tengeneza proksi (nakala nyepesi za video za kufanyia kazi), na bando lako liandae kwanza maana hiyo ni magiga kadhaa.

Kuhusu mlenda 😂 kosa lilianzia kwenye kushuti. Kile kijani ni mwanga unaogonga kitambaa unamrudia mtu, msogeze mbele kama mita mbili au zaidi, kitambaa kipige pasi na kipate taa zake, mtu apate zake. Pia kamera zetu nyingi na simu zinahifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi zinahifadhi kwa robo tu ya picha, kwa hiyo ukingo wa nywele umeshavurugwa kabla hujawasha laptopu. Usihangaike kuubana sana utamnyoa mtu. Na umeme wetu ni hezi 50, weka shata (muda kamera inaachia mwanga uingie) sekunde 1/50 au 1/100 taa zisicheze. Mi mgeni rasmi alishawahi kunijia na shati la kijani, ilibidi nikimbie sokoni Mwanga kutafuta shuka la bluu.

dada_katubuka:
Mnamwambia kingo tu, hata akikata vizuri kama wembe bado ataonekana kabandikwa. Kaka ziwa lako umelipiga saa ngapi? Kama ni jioni jua linazama upande wa Kongo mwanga unatoka nyuma yake, halafu wewe umempiga taa ya ukumbini usoni, hapo hakuna softiwea itakayokuokoa. Anza na picha ya nyuma, ndo upange taa za mtu zifuate hiyo. Ukishaweka, linganisha weusi wa nywele zake na weusi wa milima ile ya mbali, weusi wa mbali huwa umepauka. Ziwa lififishe kidogo, na kama video ya nyuma ina chenga (vile vipunje punje) muongezee na mtu chenga hizohizo.

mtoto_wa_ujiji:
Asanteni sana, dada umenimaliza, ni jioni kweli na taa nilimpiga usoni, narudia kushuti. Mpira nimedundisha siku nne, jina sasa linaingia kama boti kweli. Ila nikilitoa kwenye softiwea niliweke juu ya video nyingine linakuja na boksi jeusi nyuma, nimetoa MP4.

fundi_renda:
MP4 ya kawaida ya H.264 (njia ya kubana video) haibebi alfa, yaani ule uwazi. Toa picha za PNG zenye alfa, zile za namba namba kwenye folda moja, au ProRes 4444, aina ya video inayobeba alfa. Folda itakuwa na picha mia na kitu usishtuke, ukiiingiza inasomeka kama video moja.

mtoto_wa_ujiji:
Sawa mkuu, ngoja umeme urudi.