Harusi ya Rukia (wanawake tu)

JUMATANO

Rukia: Shikamooni nyote. Naomba ushauri wa miguu. Hina ni Alhamisi ijayo na ukurutu wangu mnaujua. Nikipitisha wembe leo, kesho vipele vyekundu mpaka gotini, usiku kucha najikuna. Nifanyeje?

Mamkubwa Zuwena: Marahaba mwanangu. Halawa ya kung'olea nywele. Sukari, ndimu na maji, basi. Nyumba hii maharusi wote wametiwa halawa.

Asha: Rukia, krimu ya kuondolea nywele usiiguse, nakuomba. Mwaka jana nilipaka, nikaona nywele hazijatoka, nikazidisha dakika. Kuja kupangusa, shavu la mguu limeungua, linang'aa kama nimemwagikiwa na chai. Wiki 2 nguo ikigusa tu nalia.

Salma: Pole Asha. Zile krimu zinayeyusha nywele, na nywele na ngozi ya juu zimeumbwa kwa protini hiyohiyo, keratini. Dawa haichagui. Kazini nawaona wengi wanakuja hivyo. Mwenye ukurutu simshauri kabisa.

Salma: Rukia, sasa hivi ukurutu umetulia? Piga picha nyuma ya magoti.

Rukia: [Picha] Kulia pamepasuka kidogo. Miundi na mashavu ya miguu hayana kitu.

Salma: Nyuma ya magoti basi hapatiwi halawa wala wembe, patachunika. Pale pitisha mashine ndogo ya umeme ya kupunguzia nywele. Inakata juu juu, haikwaruzi ngozi. Vitabaki vifupi sana, na chini ya hina hakuna atakayeviona.

Wifi Nuru: Mashine ninayo mimi, kichwa chake kipya. Nitaileta.

Mamkubwa Zuwena: Na miundi?

Salma: Miundi halawa sawa Mamkubwa, ila tujaribu kwanza. Kesho mtie mahali padogo kama sarafu, tumuangalie siku nzima na usiku wake. Rukia, krimu ya chunusi unatumia?

Rukia: Ile ya tretinoini niliyoandikiwa hospitali. Usoni tu.

Salma: Usoni halawa isiguse hata malaika wa juu ya mdomo. Krimu hiyo inafanya ngozi ibanduke.

Shangazi Maryam (Maskati): Huku halawa ni kila saluni. Mwambieni anayemtia: apake kinyume cha nywele, avute kwa kufuata nywele, na ngozi aishike imetanuka. Ukivuta vibaya nywele zinakatikia ndani, halafu zinaota kwa ndani, ndiyo vile vipele vyenye kichwa.

Mamkubwa Zuwena: Nitamtia mwenyewe. Vikombe 2 vya sukari, robo kikombe ndimu, robo maji, moto mdogo. Shira ikipata rangi ya asali nadondosha tone kwenye kisahani. Likitambaa bado. Likikaa na kuvutika kidoleni, naepua, nangoja liwe vuguvugu. Halawa ya moto imeunguza watoto wa watu wengi, hapo sina haraka.

Mamkubwa Zuwena: Na wembe sasa uuache Rukia. Nywele ziwe ndefu kama punje ya mchele, la sivyo halawa haizishiki.

Wifi Nuru: Singo ya kumsugua mwili je? Nilipanga tuanze Jumanne, asumini nimeshaagizia.

Salma: Halawa Jumatatu, singo miguuni ingoje Jumatano jioni. Vinyweleo vikishang'olewa vitundu vinabaki wazi. Ukisugua karafuu na langilangi pale patawaka moto. Siku 2 hizo maji ya moto, manukato na suruali za kubana asivitumie.

Mamkubwa Zuwena: Singo inasuguliwa wiki nzima Salma, ndivyo tulivyofanyiwa sisi.

Salma: Najua Mamkubwa, na sitaki tuiache. Mikono na mgongo msugueni kila siku. Miguu tu ndiyo ingoje.

Mamkubwa Zuwena: Haya. Miguu itangoja.

Salma: Na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, naomba isitumike. Ina kemikali ya rangi ya nywele, PPD. Ngozi ikiikataa inatoa malengelenge na kovu la ua zima, na ikishaikataa mara moja itaikataa maisha. Kwenye ngozi iliyotoka kung'olewa ndiyo kabisa.

Rukia: Mpakaji alisema bila piko ua halionekani.

Mamkubwa Zuwena: Hina nyekundu inatosha. Nitazungumza naye mimi.

IJUMAA

Rukia: [Picha] Jana saa 10 jioni Mamkubwa alinitia kwenye muundi wa kushoto. Palikuwa pekundu kama saa nzima, nikaweka kitambaa cha maji baridi. Leo pamelainika, hakuna kipele hata kimoja. Usiku nimelala sikujikuna.

Salma: Alhamdulillah. Tupake Vaseline isiyo na manukato, jambo jingine lisiongezwe. Ikifika Jumapili pakiwa hivyohivyo, Jumatatu tufanye miguu yote.

Rukia: Nyuma ya goti la kulia bado pamepasuka.

Salma: Endelea na dawa yako. Pasipopona mpaka Jumatatu hata mashine tusipitishe, tupaache palivyo.

Wifi Nuru: Nitamwambia mpakaji maua yaishie chini ya goti.

Mamkubwa Zuwena: Asha, Jumatatu niletee ndimu 6, zenye maji.