Enka iliteguka, maumivu yameisha lakini mguu bado haushiki

Beki wa Kushoto: Habari zenu wakuu. Niliteguka enka ya kulia kwenye ndondo, nilitua vibaya baada ya kupiga kichwa, mguu ukajikunja kwa ndani. Uvimbe umeisha na sichechemei tena. Shida ni nikikanyaga kokoto, mguu unataka kujikunja upya, na nikiusimamia peke yake nayumba. Ligi ya mtaa inaanza mwezi ujao. Nifanyeje?

Mzee wa Njumu: Pole mdogo wangu. Tafuta mchuaji akurudishie mshipa mahali pake, na ukande kwa maji ya chumvi.

Fizio Mtaani: Shikamoo mzee wangu. Kukandwa kutalegeza mguu uliokaza, ila kuyumba hakutaondoka. Mkuu, kano za upande wa nje wa enka hazishikilii mifupa tu, huuarifu pia ubongo mguu umekaaje. Zikivutika au kuchanika, taarifa inachelewa, misuli inashtuka wakati mguu umeshajikunja. Inabidi uufundishe upya. Simama kwa mguu huo karibu na ukuta sekunde 30, mara 3, kila siku. Ukiimudu, fumba macho, hapo ndipo kazi ilipo! Baadaye simama juu ya mto, mwenzako akurushie mpira uudake. Na nguvu pia: funga tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza, ipitishe kwenye unyayo, uvute unyayo kwenda nje polepole. Ongeza kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja.

Kocha wa Netiboli: Naunga mkono. Hata FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili, yana kipengele cha kusimama kwa mguu mmoja. Wasichana wangu nawafanyisha kabla ya kila mazoezi, wazima kwa waliowahi kuumia.

Beki wa Kushoto: Asanteni sana. Nitajuaje niko tayari kucheza?

Fizio Mtaani: Linganisha na mguu mzima. Ruka kwa mguu mmoja mbele na pembeni, kimbia ukikata kona ghafla. Usipoumia wala kuogopa, anza mazoezi na timu, mechi baadaye. Tarehe ya ligi isikuamulie. Ukirudi, funga enka kwa plasta ya michezo, maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kirahisi. Na nijibu hili: ukibonyeza mfupa nyuma ya kifundo unauma? Ukiuma, kapige eksirei kwanza.

Beki wa Kushoto: Nimebonyeza pande zote mbili, hauumi. Tyubu ninayo, naanza jioni hii.