Naomba ushauri: divai ya 2010 iliyokaa wima kwenye joto, bado inafaa?

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Niko Iringa mjini. Miaka minne iliyopita baba mdogo aliniletea kutoka Ufaransa chupa ya divai nyekundu, Château Léoville Barton ya 2010, ya Saint-Julien huko Bordeaux. Shamba hilo la mizabibu liko mikononi mwa ukoo wa Barton tangu 1826, na divai yake, zabibu nyingi zikiwa Cabernet Sauvignon, husifiwa kwa kukaa miaka mingi. Nimewawekea wazazi wangu, jubilei yao ya ndoa ni Desemba.

Tatizo, sikujua kuitunza. Niliisimamisha juu ya kabati, chumba cha bati bila dari: Julai baridi kali, Novemba mchana joto linapiga hasa. Mwezi uliopita nimeihamishia stoo ya tofali za udongo, penye ubaridi, nikailaza. Ndipo nikaona kizibo kimeinuka kidogo, ingawa hakivuji. Roho imeniuma sana.

Je, kizibo kuinuka hivyo ni dalili kwamba imeshaharibika? Na kama bado ni nzima, niimimine kwenye jagi muda gani kabla ya chakula ili mashapo yabaki chini? Baba atakula nyama ya mbuzi ya kuchoma. Natanguliza shukrani.