Mrejesho: Prosesa ya kuhariria video, nimechukua Ryzen

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nichukue prosesa ya Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel kwa kuhariri video za harusi na sendofu, na kama kuovakloki (kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko ya kiwandani) kunawezekana kwa joto hili la Dodoma.

Nimechukua Ryzen. Zote mbili zina kori (sehemu za kuchakata) 6 na bei zilikaribiana. Ila kizidishi (namba inayopanga kasi ya prosesa) cha ile ya Intel kimefungwa, cha hii kiko wazi, mradi mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) iwe ya aina ya B450, B550 au X570. A520 haikubali. Mlionisisitiza niangalie mazabodi kwanza, asanteni sana.

Nilianza na 4.6 GHz kwenye kori zote. Kwa feni iliyokuja kwenye boksi, mchana wa Novemba, bati linawaka, video ikiwa inatolewa joto lilipanda hadi nyuzi 88. Mwisho wa prosesa hii ni 90! Nikafunga kipoozeo kirefu chenye mabomba ya shaba, likashuka hadi sabini na kitu.

Hata hivyo sikubaki na 4.6. Nimewasha PBO (mpangilio wa AMD unaoiacha prosesa ijiongezee kasi yenyewe), na kwenye Curve Optimizer (sehemu ya kupunguza umeme unaoingia kwenye prosesa) nimeweka hasi 15. Inapanda yenyewe kazi ikiwepo, isipokuwepo inatulia. Video ya harusi inawahi kwa dakika chache tu. Anayetaka miujiza aanze na RAM.

Vumbi la huku ni habari nyingine, kichujio cha mbele nakipuliza kila wiki.

Mkuu uliyekuwa unatafuta feni ya boksi, ipo, nicheki. Niko Area C.