486 ya marehemu baba haishiki mipangilio: niweke betri ya aina gani?

Kibokoni77 (Mombasa)
Nduguzangu salaam. Ninayo kompyuta ya marehemu baba, 486DX2 ya megahezi 66, aliyoinunua mwaka 1994 kwa hesabu za duka. Shida yake ni kwamba haishiki mipangilio. Nikiizima usiku, asubuhi skrini inaniandikia CMOS CHECKSUM FAILURE (yaani CMOS, kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayolishwa na betri, imepotea), tarehe imerudi 1 Januari 1980, na hadidiski haionekani kabisa. Inabidi niingie kwenye mipangilio, nichague aina ya 47, ile ya kujiandikia vipimo vya diski mwenyewe, niandike silinda 989, vichwa 15, sekta 56, nihifadhi, ndipo DOS 6.22 inaamka na daftari la madeni la baba linafunguka.

Hizo namba tatu aliziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha utepe wa karatasi, akakibandika ndani ya kifuniko. Wino umeshafifia, na sita ya mwisho sasa inafanana na sifuri.

Kwenye bodi kuna betri ya buluu mfano wa pipa dogo, imeandikwa 3.6V 60mAh. Nimeuliza huku na kule nikapewa majibu manne: nitafute pipa kama lile lile, niweke CR2032 (betri bapa ya kidonge) yenye dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nifunge kisanduku cha AA tatu, au niweke kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme kwa muda. Naomba walioshika mashine hizi kwa mikono yao wanilinganishie. Bodi ninayo hii moja tu.

fundi_waya (Dar es Salaam)
Pole kwa kufiwa na mzee. Usinunue chochote bado, kwanza tujue ugonjwa.

Jaribio la kwanza: andika mipangilio, hifadhi, halafu bonyeza Ctrl, Alt na Del bila kuzima umeme. Ikisahau hapo hapo, betri haihusiki, maana umeme haujakatika. Shida itakuwa kwenye chipu ya saa, ndiyo inayotunza tarehe na mipangilio, au njia zake. Ikikumbuka, ila ikasahau ukizima swichi, basi umeme wa akiba haufiki kwenye chipu. La pili, tazama kijiti cha kufutia CMOS, kile kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi. Nimeshaona zaidi ya mara moja mtu amekisahau upande wa kufuta, akabadilisha betri tatu bure. La tatu, weka mita kwenye betri mashine ikiwa imezimwa.

Halafu, hata kabla ya majibu: hilo pipa likate leo. Ndani yake mna seli tatu za nikeli na kadimiamu, kila moja volti 1.2, na maji yake ni potasiamu haidroksaidi. Likivuja linakula shaba, na karibu yake kwa kawaida ndipo ilipo chipu ya kibodi. Nimezika bodi nyingi za umri huo, na zilizouawa na pipa ni nyingi kuliko zilizoungua.

Kibokoni77
Shukran. Kwa Ctrl, Alt na Del inakumbuka kila kitu. Kijiti kiko mahali pake. Mita inasoma volti 0.4 kwenye betri. Na nilipoinama na tochi nimeona kwenye mguu wa chanya kuna ukoga wa kijani, umetambaa kama sentimita mbili kuelekea tundu la kibodi. Nimelikata pipa.

BintiTanga
Kaka, huo ukoga usiupulizie dawa ya kopo. Maji ya betri hiyo ni magadi makali, yanahitaji asidi nyepesi ya kuyatuliza. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe ya dukani, pitisha pale penye kijani tu. Utaona povu dogo. Povu likikoma, futa kwa maji safi yasiyo ya chumvi, kisha spiriti na mswaki laini, kisha uache bodi ikauke siku nzima. Huko kwenu pwani hewa yenyewe ina chumvi, usiharakishe hapa. Siki nayo ikibaki inakula shaba, kwa hiyo usiruke hatua ya maji.

Kuhusu betri, mimi nasema AA tatu, na nina sababu. Zinapatikana kila duka la rejareja, Tanga mpaka Kigoma. Jumla volti 4.5, ukitoa zinazopotea kwenye dayodi bado chipu inashiba. Na kubwa kuliko yote: kisanduku unakifunga kwenye sakafu ya kasha, chini na mbali na bodi. AA nazo huvuja, tusidanganyane, lakini zikivuja zitavujia bati.

Tazama bodi yako kama ina pini nne zimepangwa mstari mmoja, pembeni ya pale ilipokuwa betri. Hizo ndizo za betri ya nje. Kwa kawaida pini ya 1 ni chanya na ya 4 ni hasi, ila thibitisha kwa mita kwamba ya 4 inagusana na bati la kasha. Ukikuta kijiti kimeziba pini mbili katikati, kilikuwa cha kuchagua betri ya ndani, kitoe.

Msafiri_Muscat
Assalaam alaykum. Dada kasema vizuri ila mimi nipo upande wa CR2032. Ni ndogo, ina takriban 220mAh, na hukaa miaka bila kuguswa. Mashine zangu mbili nimeziweka hivyo. Sharti ni moja, na halina msamaha: betri hii haichajiwi. Mahali pa pipa bodi inatoa umeme wa kuchaji kila mashine ikiwaka. Ukilehemu CR2032 pale bila dayodi, itavimba, na inaweza kupasuka. Mstari wa dayodi uelekee kwenye bodi, ili umeme utoke kwenye betri tu, usirudi.

Tumia dayodi ya aina ya Schottky, hizi hupoteza volti chache kuliko za kawaida. CR2032 ina volti 3 tu, ukipoteza 0.6 hapo zinabaki 2.4 na chipu nyingine hazikubali. Mimi niliweka 1N5817.

fundi_waya
Msafiri, kwa heshima, hapo kwenye 1N5817 sikubaliani nawe. Ni dayodi ya ampea nzima, na Schottky kubwa namna hiyo huvujisha umeme kinyumenyume, hasa kwenye joto, na ndani ya kasha kuna joto. Kwa hiyo bado inaichaji betri yako kidogo kidogo. Chukua Schottky ndogo ya ishara kama BAT85. Au hata 1N4148 ya kawaida: watu wanaiogopa kwa ile 0.6, lakini chipu hii ikiwa imelala inavuta maikroampea chache tu, na kwa umeme mdogo hivyo dayodi inakula pungufu ya hapo. Pima, usisome kitabu peke yake.

Na yule atakayekuja kusema LIR2032 kwa sababu inachajiwa: hiyo ni ya lithiamu-ioni, kikomo chake volti 4.2. Bodi ya 1994 inachaji kupitia rezista tu, haijui kikomo. Msiiweke.

Msafiri_Muscat
Nimepima baada ya kusoma ujumbe wako. Kweli, mashine ikiwaka kuna maikroampea zinarudi kwenye betri. Nabadilisha zote mbili wiki hii. Ahsante sana fundi.

mwalimu_kisumu
Mnaliacha pipa kama vile halina wa kulitetea. Shuleni kwangu nina 486 mbili za kufundishia historia ya kompyuta, na nimeziwekea mapipa mapya ya NiMH (nikeli bila kadimiamu), volti 3.6 zile zile. Hakuna dayodi, hakuna waya, linachajiwa kama bodi ilivyokusudia. Nalehemu dakika kumi, nimemaliza. Ni mwaka wa nne.

Lakini nakiri mambo mawili. Zinawashwa kila wiki. Pipa lisilochajiwa linakufa, na likishakufa ndipo linapoanza kuvuja. NiMH nayo huvuja, hata kama si haraka kama ndugu yake. Pili, mapipa hayo siyalehemu tena juu ya bodi, nayashusha kwa waya za sentimita 15. Kwa mashine inayokaa miezi ndani ya kitambaa, kama ninavyohisi ya marehemu mzee, mimi mwenyewe nisingeliweka.

BintiTanga
Na kapasita hesabu yake ni hii. Chukua ya faradi 1, ijae volti 5, chipu ivute maikroampea 5, na ikubali kushuka mpaka volti 3. Inatoka takriban siku nne na nusu, na kapasita yenyewe hujipotezea umeme humo humo. Kwa anayewasha kila siku inafaa, tena haina cha kumwaga. Kwa Kibokoni, akisafiri wiki moja atarudi kwenye 1980.

Kibokoni77
Nimesafisha kama dada alivyoelekeza. Povu lilitoka mara mbili, la tatu halikutoka. Pini nne nimezikuta, kijiti nimekitoa, kisanduku cha AA tatu nimekifunga. Nikawasha, nikaandika 989, 15, 56, nikahifadhi, nikazima, nikahesabu mpaka mia, nikawasha.

CMOS CHECKSUM FAILURE. Nimekaa nikaitazama tu. Betri ni mpya zote, nimezipima.

fundi_waya
Usivunjike moyo, sasa ndipo tunapolikamata. Zima, chomoa waya wa ukutani. Weka hasi ya mita kwenye bati la kasha. Gusa pini ya 1 ya betri ya nje, utasoma kama 4.5. Kisha fuata njia ya shaba kutoka pale: kuna dayodi ndogo ya kioo. Gusa upande wa kuingia, kisha wa kutoka. Kisha endelea mpaka mguu wa umeme wa chipu ya saa. Pale volti zinapokata ndipo penye kidonda. Na kidonda kitakuwa pale palipokuwa na kijani.

Kibokoni77
Pini ya 1: volti 4.6. Dayodi, upande wa kuingia: sifuri.

Kati ya vitu hivyo viwili kuna sentimita moja na nusu tu. Kwa macho njia ile ni nzima, imefunikwa rangi ya kijani ya bodi kama nyingine. Nikachukua wembe nikakwangua ile rangi taratibu. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi, na katikati haikuwepo, imebaki alama kama ya mdudu aliyepita kwenye mbao. Kumbe umeme ulikuwa unaishia pale. Hata ningeweka betri ya gari isingefika.

Nimelehemu waya mwembamba wa simu ya mezani kutoka pini ya 1 mpaka mguu wa dayodi. Sasa upande wa kutoka nasoma 4.2. Nimeandika mipangilio na kuchomoa waya. Nitaiacha siku kumi.

mwalimu_kisumu
Wakati tunasubiri, kwa wenye bodi isiyo na pipa: tazameni kama kuna kijumba cheusi kinene kilichochorwa saa ya kengele. Hiyo ni chipu ya saa ya kampuni ya Dallas, DS1287 au DS12887. Betri imezikwa ndani ya utomvu mgumu, na iliundwa kudumu miaka 10. Kuna wanaokwangua ubavuni wakafikia miguu ya 16 na 20, wakakata betri ya ndani, wakaunganisha CR2032, chanya kwenye 20. Hapo dayodi haihitajiki, kwa kuwa mfumo wa ndani wenyewe haurudishi chaji. Nimefanya moja ikafanikiwa, nyingine nikakata waya wa kristali inayoipa saa mapigo, ikafa. Ukipata mbadala mpya unaochomekwa kwenye soketi, lipa tu.

Kibokoni77
Siku kumi zimetimia jana usiku. Mama alikuja kukaa na mimi. Nikachomeka, nikabonyeza swichi, kumbukumbu ikahesabu megabaiti nane, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike haikuuliza kitu. Ikapita moja kwa moja mpaka C:\>. Saa ilikuwa nyuma dakika mbili.

Mama alisoma majina yote ya wadaiwa, ukurasa baada ya ukurasa, akinitajia aliye hai na aliyetangulia. Kisha daftari lote nimelinakili kwenye flopi mbili, moja nimempa yeye. Kisanduku cha AA nimekiandika tarehe ya leo na ya kubadilisha, miaka mitatu mbele. Na pembeni ya utepe wa baba nimebandika mwingine: 989, 15, 56.